Ruta ya kupanga foleni: ipi ya kununua kwanza

Mmoja akianza kupakia video, simu ya mwenzake ya mtandaoni hukatika, na wote hukubaliana kwamba kasi haitoshi. Mara nyingi kasi ipo. Pakiti, yaani vipande vya data, zimerundikana kwenye modemu zikisubiri zamu, na hapo hata kifurushi kikubwa zaidi hakisaidii sana; kinachosaidia ni ruta inayoipanga foleni hiyo.

Usidanganywe na namba ya kasi iliyo kwenye boksi la ruta. Kasi hiyo hupimwa data ikipita kwenye chipu maalumu, ilhali kazi ya kupanga foleni kwa kawaida huibebesha prosesa. Muulize muuzaji: foleni ikiwashwa, zinapita megabiti ngapi?

Chaguo langu la kwanza kwa nyumba au ofisi ndogo ni ruta yoyote inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta, iliyojengwa juu ya Linux), ili utumie CAKE, programu ya kupanga foleni iliyoingia kwenye kiini cha Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. CAKE hugawa njia kwa haki baina ya vifaa, nawe unaandika namba mbili tu. Ukipima ukapata megabiti 50 za kushusha na 10 za kupakia, andika 45 na 9. Watu huumia kukata hiyo asilimia 10, lakini ndiyo inayoihamisha foleni kutoka kwenye modemu na kuileta mikononi mwako.

Ya pili ni ruta ya kampuni ya MikroTik, na kwa anayegawia wapangaji au wateja ndiyo ya kwanza, kwa sababu unaweza kumpa kila mtu kikomo chake pamoja na kasi ya ziada ya muda mfupi. Hapa wengi hukosea. Tuseme kasi ya ziada ni megabiti 20, kizingiti 8, muda sekunde 16. Mteja aliyekuwa kimya hapati 20 kwa sekunde zote 16. Ruta hupiga wastani wa sekunde hizo, na wastani ukifika 8 nyongeza hukatwa: 8 mara 16 gawanya kwa 20, yaani sekunde 6.4. Zinatosha kufungua ukurasa upesi, hazitoshi kushusha filamu, na ndivyo inavyotakiwa. Kumbuka kuzima FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha data kwenye ruta hizi, maana data inayopitia humo huziruka foleni hizi.

Kompyuta ndogo yenye OPNsense, programu inayoigeuza kuwa ruta, naiweka ya tatu kwa usumbufu tu: inakula umeme zaidi, na Wi-Fi utainunua kando. Laini yako ikikaribia gigabiti moja, ipandishe juu.

Mwisho kabisa ni ruta zinazojinadi kwa neno QoS (ubora wa huduma), kisha zinakuruhusu tu kusema mchezo utangulie, bila mahali pa kuandika kikomo cha kasi. Foleni inabaki kwenye modemu. Usizinunue kwa ajili ya neno hilo.

Ukishafunga ruta, pakia faili kubwa huku ukipiga ping, kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 300, punguza kikomo kwa asilimia 5, upime tena.