Trei ya silikoni ya vikombe 12, kwa mayai ya kuoka jioni na kula alfajiri

Anayetoka Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kabla ya saa kumi na mbili kuwahi teksi ya mjini hunywa chai ya haraka na kipande cha mkate, au hukaa na njaa mpaka saa nne. Rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, naipenda sana, lakini saa hizo kijana wa chapati pale steji ndiyo kwanza anapepea makaa. Ndiyo sababu nilinunua trei ya silikoni ya vikombe 12, ile wanayotumia waokaji wa keki ndogo, nikaipa kazi ya mayai. Sasa naijua uzuri wake na kasoro zake.

Niliipata Kikuubo, mtaa wa maduka katikati ya Kampala, kwenye duka dogo la vyombo vya keki, kwa shilingi 28,000 za Uganda baada ya kuelewana bei. Za bati zilikuwepo na zilikuwa rahisi zaidi. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii haishiki kitu, hata mafuta usiweke." Sehemu kubwa ya maneno hayo ni kweli. Kwenye bati ute wa yai hung'ang'ania, unakwangua kwa kijiko, na mpaka ulitoe yai limeshavunjika. Silikoni unaibinya kwa chini, yai linachomoka zima na mviringo wake. Hata hivyo mafuta pakaza kidogo kwa kidole, hasa pale ukuta unapokutana na kitako cha kikombe. Usipopaka, hubaki utando mwembamba wa yai ambao kuuosha ni kazi.

Trei hii ni laini, kwa hiyo ukiiinua ikiwa na mayai mabichi inajikunja. Iweke kwanza juu ya sinia gumu la oveni, ndipo umimine. Jaza robo tatu tu, kwa sababu mayai huumuka yakiwa motoni kisha hushuka yakipoa. Kushuka huko ni kawaida, wala hakumaanishi umekosea.

Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyopokea moto. Silikoni hupitisha joto polepole kuliko bati. Mayai ambayo kwenye bati yangeiva kwa dakika 18 au 20 katika nyuzi 180, humu yanahitaji 22 hadi 25. Wengine wataona huo ni ucheleweshaji, lakini kwa yai ni faida. Protini ya yai huanza kushikana nyuzi zikipita 60 kidogo, na mchanganyiko ukifika nyuzi 71 katikati umeiva na ni salama kuliwa. Ukiuacha moto upande zaidi, protini hujikaza na kukamua maji yaliyokuwa ndani. Ndipo unapata yai gumu kama mpira, na kidimbwi cha maji chini yake. Bati hukausha kingo kabla katikati hapajashika, lakini silikoni huivisha kwa upole. Mimi huchoma kisu katika kikombe cha katikati ya trei. Kikitoka kikavu, nazima hapo hapo.

Adui mwingine ni maji ya mboga. Dodo, yaani mchicha, naichemsha kidogo, naikamua kwa mkono mpaka tone la mwisho, kisha naikatakata. Nyanya naziondoa mbegu na ule utelezi wake. Uyoga na vitunguu navikaanga kwanza. Mboga mbichi ikiingia humo, kesho yake asubuhi utakula yai lililolowa.

Kipimo changu ni mayai kumi, robo kikombe cha maziwa, chumvi, pilipili manga na konzi mbili za mboga, na hayo hujaza vikombe vyote 12. Yai moja kubwa lina takribani gramu 6 za protini, kwa hiyo vikombe viwili vinakupa kama gramu 10. Mimi naongeza mukene, wale dagaa wa ziwani. Nawachambua vichwa, nawakausha kwenye kikaango kikavu, nawatwanga, kisha natia vijiko viwili vya unga wake. Protini inapanda, na kalisi pia, maana samaki hao huliwa na mifupa yao. Watoto wangu wanaokataa mukene wa mchuzi wanamla humu bila maneno. Van ya shule huwapitia kukiwa bado giza, na mtoto wa saa hizo hana subira ya uji wa moto. Anashika kikombe chake cha yai mkononi na kupanda gari.

Kuhusu umeme, oveni yangu ya mezani ni ya wati 1,500. Kuipasha na kuoka ni kama nusu saa, yaani haizidi robo tatu ya uniti moja ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa trei nzima. Nikilinganisha na kuwasha jiko kila alfajiri kukaanga mayai mawili mawili, sioni hasara.

Uhifadhi ndio wa kuangalia sana. Mayai yapoe wazi juu ya wavu, kwani ukiyafunika yakiwa moto mvuke hugeuka maji. Lakini yasikae nje zaidi ya saa mbili. Katika friji yanakaa siku tatu hadi nne, si wiki nzima kama wengine wanavyojipa moyo, kwa hiyo naoka Jumapili na Jumatano jioni. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takribani saa nne. Giza likizidi hapo, mayai hayo siyapeleki kwa mtoto. Katika friza, yakifungwa moja moja, yanakaa hata miezi miwili. Kuyapasha, yaweke kwenye kikaango chenye kifuniko na vijiko viwili vya maji, moto mdogo. Maikrowevu nayo inafaa, lakini kwa sekunde chache chache, la sivyo ule ugumu unarudi.

Kasoro inayoniudhi ni harufu. Silikoni hunyonya harufu ya kitunguu na samaki, na trei ya mukene huwezi kuigeuza Jumamosi ukaokea keki ya vanila. Kuiloweka kwenye maji moto yenye magadi ya kuokea kunapunguza, hakumalizi. Mwenye kupenda keki anunue ya pili. Na yule muuzaji aliyesema inastahimili moto wa aina yoyote alizidisha. Isiguse kamwe makaa wala mwali wa gesi.

Basi asiye na oveni? Mama mkwe wangu, mtu wa Bombo, amenionyesha njia ambayo kusema kweli inatoa yai laini kuliko langu. Yeye anatumia vikombe vya silikoni vya moja moja. Anapanga vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria, kama anavyofanya kwa matooke, anatia maji kidogo yasiyofikia vikombe, kisha anafunika kwa jani ili matone ya mvuke yasiingie kwenye mayai. Kwenye sigiri, yaani jiko la makaa, kwa robo saa hivi ya mvuke, yameiva. "Mwanangu, oveni ya nini?" ananiuliza, na watoto wanamaliza vyake kwanza.

Kwa hiyo mwenye oveni namshauri achukue trei ya vikombe 12, na mwenye sigiri achukue vile vya moja moja, ambavyo huenea kwenye sufuria yoyote. Dukani tazama kina cha kikombe. Kuna trei za vikombe vifupi ambavyo yai moja linafurika. Hizo ziachie biskuti. Kadiria kwa jicho kama yai zima litaenea, na juu ibaki nafasi ya mboga na ya kuumuka.