Leso ya Zambarau Lazima Uitazame Juani

Mimi ni fundi cherehani wa Likoni na rangi yangu ni zambarau. Beseni langu la kufulia ni zambarau, ndala zangu ni zambarau, na kile kifuko cha kuchomekea sindano ninachokifunga mkononi kuanzia asubuhi hadi magharibi nilikishona mwenyewe kwa kipande cha satini ya zambarau kilichobaki kwenye gauni la harusi. Kamusi zina neno jingine zuri, urujuani, ila dukani ukiuliza urujuani utatazamwa usoni tu. Huku kwetu pwani rangi hii tumeiita kwa jina la tunda, na kila nikiitaja nausikia ule ukakasi wake ulimini.

Mwezi uliopita nilimaliza sare za madrasa moja, nikalipwa kwa mkupuo, nikatenga shilingi 2,000 za kujifurahisha. Jumamosi asubuhi nikavuka feri. Siku hiyo sikufuata vitambaa vya wateja wala zipu wala vifungo. Nilifuata zambarau. Nakuelezeni nilichopata, kwa bei niliyolipa, na kile ambacho kingekuwa bora zaidi.

Nianze na leso, ile wengine wanaiita kanga, maana ndiyo iliyonivusha.

Kila aliyeshika mkasi kwa muda anajua zambarau ndiyo rangi ya kuchunga kuliko zote dukani. Ndani yake mna nyekundu na samawati, na taa huchagua itakayoonekana. Chini ya taa nyeupe za mrija inageuka samawati. Chini ya balbu ya njano inazama, inakuwa kama damu ya mzee. Mimi hili nilijifunza kwa machozi ya mtu mwingine. Mwaka juzi nilichukua satini kwenye duka moja lenye taa kali dari nzima, ya magauni ya wapambe watano wa bi harusi. Dukani ilikuwa zambarau safi. Tulipowavisha wasichana uani, mchana kweupe, mbele yetu walisimama wapambe watano wa samawati. Bi harusi alikaa kitako kwenye mkeka akalia. Nilinunua satini nyingine kwa pesa zangu, nikashona siku mbili usiku na mchana. Tangu hapo sinunui zambarau ambayo sijaiona juani.

Kwa hiyo duka ninalolisifu hapa nalisifu kwa jambo hilo kwanza. Liko Mtaa wa Biashara, Mombasa mjini, ukiingilia upande wa Barabara ya Digo, miongoni mwa yale maduka ya leso yaliyobanana, yenye doti zilizotundikwa mlangoni hadi unainama kupita. Ni dogo, giza kidogo ndani. Nikasalimu, nikamwambia mzee mwenye duka nataka zambarau, na isiwe ile inayoelekea pinki. Akavuta doti nne kutoka rafu ya juu, akazitandaza moja juu ya nyingine, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Toka nayo nje, mamangu, uione juani." Akamwita kijana ashike pembe ya pili. Tukasimama ukingoni mwa barabara, mimi na kijana, leso imetanda katikati yetu kama tanga, wapita njia wanazunguka. Mbili nikazirudisha papo hapo: moja ilikuwa samawati iliyojificha, nyingine ilikuwa na wekundu wa choya. Ya tatu nikanyamaza nayo.

Pindo lake jeusi lina matone meupe madogo. Mji wote, yaani ile sehemu ya katikati, ni zambarau, na kila pembe imechorwa korosho moja nyeupe iliyojikunja. Pale pindo jeusi linapokutana na mji, rangi mbili zimepandana kwa unene wa uzi mmoja hivi, na kwenye huo ukingo kumetokea rangi ya tatu, nyeusi yenye wekundu ndani, ile ile ya ganda la zambarau lililoiva hadi linataka kupasuka. Nilisogeza macho nikaitazama muda mrefu. Kijana hakuniharakisha. Jina lake, yaani ule msemo wa leso, kwa herufi kubwa: CHANDA CHEMA HUVIKWA PETE. Na ukingoni, kwa maandishi madogo, K.H.E. Mali ya Abdulla, chapa ya Mtaa wa Biashara tangu 1887, ambayo bibi yangu alikuwa akiitafuta kwa kidole kabla ya kuuliza bei.

Nikafanya yangu ya kifundi. Nikageuza upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya. Imepenya, karibu sawa na mbele. Nikaomba maji kidogo, nikalowesha kona ya kitambaa changu cheupe cha mkononi, nikasugua mji mara kumi. Kitambaa kikachukua rangi, hafifu, kama midomo ya mtoto aliyekunywa juisi. Leso mpya yoyote yenye rangi nzito itatoa kidogo, kwa hiyo hilo silihesabu kuwa kasoro, ila usiifue na kanzu nyeupe ya mtu. Nyumbani niliiloweka kwenye maji baridi yenye konzi ya chumvi, nikaianika kivulini. Mara ya kwanza maji yalibadilika. Mara ya pili kidogo sana. Mara ya tatu yakatoka kama yalivyoingia, na zambarau iko pale pale, imelainika tu kwa sababu wanga wa kiwandani umetoka.

Nililipa shilingi 800 kwa doti. Wapo mafundi pale pale barazani wanaokata na kukunja pindo ukisubiri, na mishono yao ni mizuri. Mimi nilikuja kushona mwenyewe, maana raha ya kupitisha zambarau chini ya sindano yangu sikutaka kumwachia mtu.

Nikiwa na leso kifuani nikaenda soko la Marikiti. Nje, upande wa matunda, palikuwa na mama mwenye sinia la zambarau amelifunika nusu kwa jani la mgomba. Kopo moja shilingi 50. Nikachukua mawili. Ukitaka kujua kama ni nzuri, tazama ngozi: iwe nyeusi inayong'aa, na juu yake uwepo ule ukungu mwembamba unaofutika kwa kidole. Zenye wekundu shingoni zitakukaza koo. Akanitilia chumvi na pilipili ya unga kwenye bakuli lake lenye mfuniko, akatikisa kwa nguvu hadi nikasikia zinagongana, kisha zikaanza kugongana kwa sauti laini, maana ngozi zimechubuka na zimetoa maji. Hapo ndipo zimekuwa tayari. Nilizila nimesimama. Ukiuma ile ya kwanza, nyama karibu na kokwa ni nyeupe yenye waridi, na inavyokaribia ngozi ndivyo inavyozidi kuwa zambarau, hadi pale mwisho ambapo huwezi kusema ni zambarau au ni nyeusi. Leso yangu ilikuwa na ukingo huo huo. Nikaitoa kwenye mfuko nikaziweka karibu, tunda na kitambaa, mama yule akacheka akasema, "Hiyo leso imechumwa mtini."

Kwa bibi yangu Msambweni mzambarau ulikuwa nyuma ya jiko. Tulikatazwa kuupanda kwa sababu matawi yake hukatika bila kuonya, na tulipanda. Shati la shule likiingia madoa, tulikuwa tunakimbilia sabuni ya mche, na doa lilikuwa linageuka samawati chafu na kung'ang'ania. Bibi ndiye aliyenifundisha kukamulia ndimu na chumvi kwanza, kisha sabuni baadaye. Mpaka leo mteja akiniletea nguo yenye doa la zambarau nafanya hivyo hivyo.

Kwa nini ndimu, nimekuja kuelewa juzi tu, kwa sababu ya kitu cha tatu nilichonunua: majani ya chai ya zambarau. Yanalimwa hapa hapa Kenya. Aina hiyo ya mchai, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na majani yake shambani huota na rangi hiyo badala ya kijani. Pakiti ya gramu 50 nilinunua supamaketi kwa shilingi 450. Sikuitaja kampuni kwa sababu nina lalamiko: boksi lake limepakwa zambarau ya kifalme, na mtu akinunua kwa macho, kama nilivyonunua mimi, anatarajia kikombe kama hicho. Kikombe hakiko hivyo. Nilichemsha maji, nikayaacha yapoe kidogo, nikatia kijiko kimoja, nikasubiri dakika tatu. Ikatoka rangi ya majivu yenye urujuani kwa mbali sana, kama maji ya pili ya leso yangu. Moyo ulinishuka.

Mpwa wangu, anayesomea kemia chuoni, alikuwa amekaa barazani. Akasema, "Shangazi, tia ndimu." Nikakamua matone manne kwenye gilasi ya kioo. Yale majivu yakafunguka kutoka pale tone lilipoangukia, yakaenda chini taratibu kama moshi, na chai nzima ikawa pinki yenye zambarau ndani yake, angavu, gilasi ikang'aa mezani. Nilimwita jirani aje aone. Nikamwaga, nikatengeneza nyingine, nikakamua tena. Mpwa akanieleza kwamba iliyomo kwenye chai hii ni anthosianini, jamaa za ile iliyomo kwenye tunda la zambarau, ganda la biringanya na kitunguu chekundu: ikikutana na ukali wa ndimu huwa nyekundu, ikikutana na sabuni huenda kwenye samawati. Bibi yangu hakulijua jina hilo, lakini kazi yake aliijua vizuri.

Ladha ya chai hii ni nyepesi, chungu kidogo mwishoni, haina uzito wa chai yetu ya kila siku. Usitie maziwa; nilijaribu, ikawa kama maji ya tope. Kwa iliki sikuipenda. Kwa ndimu na asali, alasiri, kwenye gilasi ya kioo na si kikombe cha udongo, nitainunua tena. Kama huna mazoea ya chai kavu, usitumie shilingi 450 zako.

Huyo huyo mpwa ndiye aliyenipa habari ambayo sasa siwezi kushika uzi bila kuikumbuka. Zamani za Warumi, zambarau ya wafalme ilitolewa kwa konokono wa baharini, na mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer aliwatumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu ya rangi hiyo. Zambarau ya maabara ilipatikana 1856, kwa mkono wa kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, ambaye alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini. Alikuwa anatafuta dawa ya malaria, akakuta mabaki yenye rangi, akayajaribu kwenye hariri, yakashika. Mimi malaria nimeugua utotoni zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu, na kwinini nimeimeza nikaitapika. Kusikia kwamba rangi yangu ilipatikana njiani kuelekea kwenye dawa hiyo kulinigusa mno. Na leo mwanamke wa Likoni ananunua doti nzima kwa shilingi 800.

Vingine vilikuwa vidogo. Chokoleti ndogo ya Cadbury niliinunua kwa ajili ya karatasi yake ya zambarau, nakiri bila haya, ingawa chokoleti yenyewe niliila kwenye feri nikiangalia maji, na ilikuwa tamu. Karatasi nimeilainisha kwa ukucha, nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Nilinunua pia vigurudumu viwili vya uzi, shilingi 30 kimoja, nikavitoa mlangoni kuvilinganisha na leso. Kimoja kilikubali kabisa. Cha pili ni cheusi kidogo zaidi, nimekitumia kwa upande wa pindo, na kwa kweli kimekaa vizuri kuliko kile kilichofanana.

Vidole vyangu vilibaki na rangi hadi Jumatatu. Mteja wa kwanza, mama mmoja wa makamo, alivitazama nikimpima kiuno akaniuliza kama kuna uchaguzi na yeye hajaambiwa, akidhani ni ule wino wa kura. Nikamwonyesha leso. Akataka kujua duka.

Basi na wewe kama unalitaka: nenda asubuhi, jua likiwa limeingia upande wa duka, kabla ya saa sita, maana baadaye kivuli cha majengo ya upande wa pili kinafunika baraza na itabidi utembee na leso hadi kona. Ijumaa wanafunga kwa ajili ya sala. Chukua kitambaa cheupe cha kusugulia, mzee hachukii. Nilipoondoka zilibaki doti tatu za zambarau yenye korosho. Rafu nzima iliyobaki ilikuwa kijani na rangi ya chungwa.