Tamron 17-70 naipenda, lile duka silitaki tena

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Lenzi yenyewe nitaisifia huko mbele, inastahili. Kwanza niseme ya yule muuzaji wa Kariakoo, maana tangu siku ile, kabla mvua hazijakatika, bado sijatulia.

Napiga picha za shughuli: kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara. Kamera yangu ni Sony a6400. Nilifika dukani nikijua ninachokitaka, Tamron 17-70 ya f/2.8: kwa 17 inachukua eneo pana, kwa 70 inavuta karibu, na hiyo f ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi. Muuzaji hakuniuliza napiga nini wala wapi, akaanza kunisukumia lenzi ya 18-135. "Dada'ngu, hii inavuta mpaka mbali. Hiyo unayoitaka haifiki popote."

Ni kweli inavuta. Anayepiga mchana, Coco Beach na watoto au safari ya Mikumi, hiyo 18-135 itamfaa sana, na ni nyepesi. Ila ukiivuta mpaka mwisho inabana hadi f/5.6, na kutoka f/2.8 kufika hapo unabaki na robo ya mwanga. Mimi napiga usiku, kwenye kumbi zenye taa za zambarau na mashine ya moshi. Palipokutosha ISO 1600, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, sasa unapanda hadi 6400, na uso wa bibi harusi aliyeshinda saluni kutwa unatoka na chenga. Nikamweleza hayo kwa upole kabisa. Akanitazama, akauliza, "Kwani kamera ni yako au ya shemeji?"

Nikameza mate. Kazi hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba yangu, na kamera nimeinunua kwa jasho langu, halafu mtu asiyenijua ananiulizia mume.

Nikalipa kwa simu, milioni mbili na ushee, hela ya mchezo wetu wa akina mama zamu yangu ilipofika. Kama kawaida ya pale, unalipa kwanza, kisha kijana anatumwa stoo. Boksi likaja. Ubavuni lilikuwa limechanwa na kufungwa upya kwa selotepu. Nikalifungulia palepale kaunta, nikawasha tochi ya simu, nikaimulika lenzi kwa nyuma huku natazama mbele. Pembeni mwa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zimetawanyika kama utando wa buibui.

Fangasi. Kila mpiga picha wa Dar anaijua. Joto letu na unyevu wa bahari ndivyo inavyovipenda, na giza la kabati linaimalizia kazi. Ukiiacha inakula ule mpako wa kioo, na hapo hata fundi akiisafisha, kovu linabaki. Ndiyo maana zangu nalaza kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, navyo nabadilisha vikichoka.

Nikamwonyesha. "Vumbi hilo," akasema. Akaichukua mkononi mwangu bila kuniomba, akahemea kioo cha mbele, haaa, akashika pindo la fulana yake, ileile aliyokuwa anafutia jasho shingoni, akakisugua kioo kwa kuzungusha. Mimi nimesimama, mdomo wazi. Akanirudishia. "Umeona? Imetakata." Nyuzi zilikuwa palepale, maana ziko ndani. Kilichoongezeka ni alama za mafuta kwenye kioo cha mbele, michirizi ya mviringo, unaiona kabisa ukiipinda kwenye mwanga.

Nikaomba hela yangu. Akanyoosha kidole ukutani kwenye karatasi yao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia vizuri, basi nipe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana ulichonipa ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, nami nitakwenda nayo FCC, tume ya ushindani inayowatetea walaji. Hapo ndipo sura ilipobadilika. Si kwa aibu, kwa hofu. "Mbona unakuwa mkali hivyo dada? Si tuelewane tu." Akamtuma tena kijana. Kijana akanipita karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ile ilisharudishwa na mteja mwingine." Mdogo wangu, Mungu akubariki, popote ulipo.

Boksi la pili lilikuwa zima. Nikaimulika lenzi yake, safi. Risiti ya EFD nikapewa. Pole sikupewa.

Sasa lenzi. Jamani, lenzi! Kazi yake ya kwanza ilikuwa sendofu Tabata. MC anaita msafara wa mashangazi, wote sare ya kitenge, wanaingia wakicheza na zawadi kichwani. Kwa 17 nimewapata wote, toka wa kwanza hadi wa mwisho, bila kurudi nyuma nikamkanyaga mpishi. Nikazungusha mkono mpaka 70, nikampata mama mzazi anafuta chozi kwa ncha ya mtandio, taratibu, asing'oe kope za bandia. Mwanga uleule, f/2.8 ileile. Ukibadilisha lenzi katikati ya vumbi la dansi, huyo mama umemkosa. Na video imetulia, kwa sababu lenzi ina kitu cha kutuliza mtikisiko, ambacho a6400 yenyewe haina. Mwenye a6600 au a6700, ambazo utulivu uko ndani ya kamera, anaweza kutazama lenzi ya Sigma 18-50, ndogo na nyepesi mno, ila haina kitu hicho cha kutuliza. Kwangu mimi ingetikisika, na ile 50 ingekuwa inaniishia njiani.

Kasoro? Ni nzito kwa kamera ndogo, ikifika saa sita usiku mkono unasema. Na kanisani, padri akishakuweka nyuma kwenye kipaimara, 70 haitoshi. Bado ningeinunua tena kesho.

Nilitaka kuwa mwungwana na duka pia. Bei yao ilikuwa chini kuliko nilizoambiwa Mtaa wa Samora, na mwishoni walibadilisha. Rafiki yangu anasema hilo ni jambo la kushukuru, niwape hata nyota tatu. Nilikuwa nakaribia kukubali. Lakini hapa ninavyoandika naliona lile pindo la fulana likizunguka juu ya kioo, nasikia "ya shemeji", na hapana. Walibadilisha kwa sababu nilitaja FCC. Msichana anayeanza kazi, asiyejua kumulika wala kudai risiti, angeondoka na ile fangasi akidhani picha zake ni mbovu kwa sababu hajui kupiga. Nyota moja, nayo ni ya yule kijana.

Ile mbovu haikutupwa. Niliwaona wakiirudisha kwenye boksi, wakakata selotepu mpya, wakaisukuma chini ya kaunta. Ukienda kutafuta 17-70 Kariakoo na ukaletewa boksi lenye selotepu ubavuni, washa tochi kabla hujaondoka hapo.