Damu au pumzi: uamuzi wa dereva anayeshukiwa kulewa mjini Boulder
Mjini Boulder, Colorado, mji wa chuo kikuu ulio chini ya Milima ya Rocky, dereva aliyekamatwa kwa tuhuma za ulevi huchagua mwenyewe kupimwa damu au pumzi, na akishachagua hawezi kubadili. Pumzi hutoa jibu papo hapo: kiwango cha pombe kikifika 0.08 (gramu kwa kila lita 210 za pumzi), polisi humkabidhi notisi ya kufutiwa leseni pale pale, naye hubaki na siku 7 tu za kuomba shauri lake lisikilizwe. Pumzi yenyewe haihifadhiwi, kwa hiyo wakili huhoji mashine, pamoja na zile dakika 20 ambazo mshukiwa huangaliwa asile, asinywe wala asicheue kabla ya kupuliza. Majibu ya damu huchukua wiki kadhaa, lakini damu hutiwa katika vichupa viwili, na kimoja hutunzwa ili utetezi ukipeleke maabara huru. Kwa maoni yangu kichupa hicho ni kinga kubwa, ingawa damu hufichua hata bangi, ambayo ni halali jimboni humo. Anayekataa vipimo vyote kwa mara ya kwanza hupoteza leseni mwaka mzima, na kukataa kwake huweza kutumiwa mahakamani kama ushahidi.