Pale juu Ganjoni pa walimu waliorudi kutoka Japani, nimeenda nimelipa, huu ndo ukweli

Watu wananiuliza kila siku kama hii sehemu ya walimu wa Kingereza waliorudi kutoka Japani ni ya kweli ama ni yale mambo ya kuuziana semina, basi wacha niandike mara moja tumalizane. Haina jina wala bango, ni chumba cha ghorofa ya pili hapo Ganjoni, Mombasa, juu ya duka la spea, sisi tunapaita pale juu tu. Mwenyewe ni dada mmoja alofundisha huko akarudi, akaona wenzake wakirudi wanapotea kila mtu na njia yake, akafungua. Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuna kikao cha wote, mia tatu mlangoni pamoja na chai, alafu siku za wiki ukiwa na shida yako ya CV ama pensheni ama interviu unaweka ahadi na unalipa kando.

Wanaokuja wako wa aina mbili. Kuna waliopita JET, ule mpango wa serikali ya Japani ulioanza 1987, mkataba wa mwaka mmoja mmoja na mwisho ni miaka mitano. Na kuna waliopelekwa na kampuni binafsi zinazokodisha walimu kwa shule, hao mara nyingi mshahara wao ulikuwa mdogo na hadithi zao ni chungu zaidi. Mimi nilikuwa Tottori, mkoa wenye watu wachache kuliko yote Japani, kwa hivyo hata kukaa na watu waliokula kyushoku, kile chakula cha mchana cha shule, bila kuanza kuwaeleza kyushoku ni nini, kwangu hiyo peke yake mia tatu imelipa.

Nianze na pensheni manake hapo ndo nilipoona kazi yake vizuri. Ukifanya kazi Japani unakatwa pensheni kila mwezi utake usitake. Ukiondoka, kama ulichangia angalau miezi sita na hujafika miaka kumi, unaweza kudai malipo ya mkupuo, wenyewe wanaita dattai ichijikin, lakini ni lazima uombe ndani ya miaka miwili tangu utoke kwenye anwani yako ya huko. Zamani walikuwa wanahesabu miaka mitatu tu hata kama ulikaa mitano, tangu Aprili 2021 wanahesabu mpaka mitano. Alafu wanakata kodi asilimia 20.42 kabla ya kukutumia, na hiyo nayo unaweza kuidai irudi, ila lazima uwe na mtu yuko Japani amesajiliwa kama mwakilishi wako wa kodi. Hapa ndo wengi wanaachia pesa manake waliondoka wakiwa na haraka ya ndege na hawakumwachia mtu hiyo kazi, hilo wanalijua leo wakishafika nyumbani.

Sasa dada anavofanya, anakutandikia meza nzima. Nakala ya pasi ya kusafiria, karatasi ya nambari ya pensheni, barua ya benki, moja moja, na kalamu nyekundu mkononi. Siku niliyokuwa hapo kijana mmoja wa Tudor alikuja na kila kitu tayari, amejipanga kweli kweli, dada akaangalia barua ya benki akamwambia rudi. Pasi ina majina matatu, benki imeandika mawili na la tatu limebaki herufi moja na nukta. Kijana akasema lakini sensei, yaani mwalimu, si ni mimi huyo huyo, akajibiwa wewe unajua ni wewe, karani wa Tokyo ataona watu wawili. Akarudi benki Moi Avenue kwa jua lile la saa saba akaandikiwa barua nyingine yenye jina kamili na muhuri na ile namba ya SWIFT ya benki. Kwa hiyo huduma anachaji 3,500 tu, kiasi chochote utakacholipwa, posta juu yako. Nasema hivo kwa sababu kuna wakala mmoja hapa mjini aliniambia anataka asilimia kumi na tano ya pesa yangu kwa kujaza fomu hiyo hiyo, na dada mwenyewe anakwambia wazi fomu iko bure kwa tovuti ya pensheni ya Japani na imeandikwa Kingereza, ukiwa na subira jaza mwenyewe usimlipe mtu. Mfanyabiashara anayekwambia hivo Mombasa hii sijui nimlinganishe na nani.

Upande wa kazi ndo mambo si matamu kama watu wanavodhani, na ukienda ukitarajia muujiza utatoka umekasirika. Shida ni kwamba JET wanachukua mtu mwenye digrii yoyote, so umesomea biashara ama sosholojia unaenda kusimama darasani miaka mitatu, unarudi unajiita mwalimu, unaenda TSC, ile tume inayoajiri walimu Kenya, unaambiwa digrii ya ualimu iko wapi, ama ile diploma ya juu ya elimu ya kuongezea na masomo yako mawili. Huna. Yaani miaka yote ile kwa TSC ni hewa. Pale juu wanakuambia hivo siku ya kwanza bila kukupaka mafuta, kuna mtu alitoka nje kabisa akaenda kusimama kwa ngazi.

Ila hawakuachi hapo. Kikao cha CV ni 2,000 kwa saa na nusu. Dada mmoja wa Mtwapa alikuwa ameandika mwalimu msaidizi wa Kingereza, mstari mmoja, basi. Akaulizwa ulifanya nini hasa, akasema nilikuwa nasaidia mwalimu Mjapani. Akaulizwa tena. Na tena. Polepole ikatoka kwamba alikuwa anazunguka shule sita kwa wiki, ratiba anapanga mwenyewe na ofisi ya elimu ya mji, ripoti anaandika kila muhula, na wageni kutoka nje wakija ndiye anayeitwa kutafsiri. Hayo yote hakuwa ameandika hata neno! Sasa yuko kampuni ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Shimanzi, na waliomwajiri hawakujali Kingereza chake, walipenda kwamba amezoea kufuatilia makaratasi na watu wasiojibu simu.

Sasa nije kwa magari, manake hii ndo Mombasa na hapa ndo mtu aliyerudi kutoka Japani ana kitu mkononi ambacho wengine hawana. Kila mtu anajua magari yetu yanatoka minadani kule, na kila gari lina karatasi yake ya mnada. Yule mkaguzi wa Japani anachora gari na kuweka alama, A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni kubonyea, W ni sehemu imenyooshwa na kupigwa rangi na jicho linaona mawimbi, XX ni kipande kimebadilishwa kabisa. Juu kuna gredi, 4.5 ama 4 ama 3.5, na ukiona R ujue hilo gari lishagongwa likatengenezwa. Hizo alama hata dalali wa yadi ya kuuza magari anazijua. Asichojua ni yale maandishi ya chini, mkaguzi ameandika kwa mkono, kwa haraka, kanji, zile herufi za Kijapani, zimelaliana.

Kuna kijana hapo pale juu alifundisha Kagoshima, Jumamosi watu wa yadi wanapanda ngazi na simu zao kumtafuta. Nilimwona akisoma karatasi ya Toyota Fielder moja, mwenye yadi ametumiwa tafsiri na muuzaji inasema gari safi gredi 4. Kijana akavuta picha ya karatasi ya asili, akaikuza, akakaa kimya kidogo alafu akasema bonneti ni XX, na hapa chini ameandika ile fremu ya mbele inayoshika rejeta imenyooshwa. Mwenye yadi akauliza, sasa hii R hapa juu? Akaambiwa hiyo si gredi, hiyo ni mwaka, R1 ni 2019 na H30 ni 2018, wanahesabu kwa enzi za wafalme wao. Na mwaka ni muhimu kushinda hata rangi manake gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii Kenya, KEBS, wale wa viwango, hawana mchezo. Anachukua mia tano kwa karatasi. Mia tano! Mtu anaokoa laki mbili kwa mia tano, mimi ningekuwa yeye ningeongeza bei jana. Wiki hizi ameajiriwa nusu siku na yadi moja upande wa Changamwe na nasikia ndiye anayewaandikia Wajapani barua pepe pia.

Hapo napo kuna mtego. Watu wanaona Japani ndiyo iliyokopesha pesa za kituo cha pili cha makontena Kipevu, awamu ya kwanza ikafunguliwa 2016, wanaona miradi ya Dongo Kundu, wanasema aa kazi za Kijapani zitajaa Mombasa. Mimi sijaona zikijaa. Miradi ile inataka mainjinia na mafundi, mkalimani ni mmoja ama wawili na mara nyingi anakuja nao. Na hata hiyo moja wanataka N2 ya JLPT, ule mtihani wa lugha ya Kijapani, ngazi zinaanza N5 ya chini mpaka N1 ya juu, wengi wetu tumerudi na N4 ama N3. Unaongea na bibi wa kijijini kule mnacheka mpaka jioni, ukiambiwa uandike barua rasmi ya kampuni unatoka jasho. Kuna darasa pale juu la kujiandaa na mtihani, ni zuri, lakini mtihani wenyewe ni Nairobi, tiketi ya treni kutoka Miritini na pa kulala weka kwenye bajeti.

Chakula sasa. Siku ya kikao kuna wali na kari ya Kijapani, mia mbili hamsini sahani. Mimi kitu cha kwanza nilichouliza ni ile kari ya vipande vya kununua, manake nyingi zina mafuta ya nguruwe ama nyama isiyojulikana imechinjwa vipi, na huko Tottori nilizoea kusoma pakiti nyuma mpaka maneno yakaniingia kichwani. Anayepika ni mama wa Kibokoni, akaniambia mwanangu hapa hakuna pakiti, unga anakaanga mwenyewe na bizari, kuku amechinjwa Marikiti, na ile mvinyo ya kupikia hawaitumii kabisa. Ladha si ya Japani kamili, imeinama kidogo upande wa mchuzi wa nyumbani, na mimi sikulalamika nikaongeza ndimu na pilipili.

Mazungumzo ya mezani ndo matamu zaidi. Wote tuna shangazi aliyeuliza gari liko wapi. Jamaa wanajua Japani ni pesa, hawajui kwamba yeni ilianguka, 2024 dola moja ilifika yeni 160 na kitu, mtu amejibana miaka mitatu anakuja kubadilisha anaona kama ameibiwa. Mzee mmoja aliyerudi zamani, wakati yeni ina nguvu, alijenga nyumba Bamburi, sasa vijana wakimwona wanamwangalia kwa jicho fulani hivi, naye anawaambia mlikwenda mwaka mbaya wanangu, si kosa lenu. Hayo maneno huwezi kuambiwa na mtu wa nyumbani ambaye hajaenda.

Mabaya yapo na siyafichi. AC imekufa, feni moja, Februari pale juu ni tanuri. Parking hakuna, njoo na tuktuk. Saa nne ikipiga mlango unafungwa, ati ndo nidhamu ya kule, lakini sisi tunaokaa Likoni tunategemea feri na feri haijui nidhamu ya mtu, nimeshasimama kwa ngazi nikisikia watu wanacheka ndani na chai wananywa. Wakina mama wenye watoto hawana pa kuwaweka. Grupu la WhatsApp ni dua, matangazo ya viwanja na video za treni, mute tu.

Na kikubwa zaidi, kuna kikao walimpa nafasi wakala mmoja azungumze kuhusu kurudi Japani kwa ile viza ya tokutei gino, ya wafanyakazi wenye ujuzi maalum, iliyoanza 2019. Viza yenyewe ni halali, sina neno nayo. Ila yule jamaa alikuwa anataka watu waweke amana kabla hajaonyesha mwajiri wala mkataba, na ukumbini kuna watu hawana kazi miezi, wametoka kula pesa yao ya mwisho ya pensheni. Nilimwambia dada baadaye kwamba hapo amekosea, mtu akishakuamini na barua yake ya benki atamwamini pia yule uliyemsimamisha mbele. Alinisikiliza. Kama ataacha sijui, mimi nikimwona tena yule jamaa pale nitaandika tena.

Kwa sasa naipa nne kwa tano, pensheni na karatasi za magari ni tano kamili, kikao cha Jumamosi ni tatu na nusu kutegemea nani amekuja. Kama umerudi juzi tu nenda kwanza siku ya wiki, kuna utulivu, na beba pasi, karatasi ya nambari ya pensheni, na barua ya benki yenye majina yote kama yalivyo kwa pasi, usije ukarudishwa Moi Avenue saa saba.