VPN ya kulipia, taa ya kijani, na kazi imelala: uzoefu wangu hapa Bukavu

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nimesubiri ipungue, haijapungua, basi naandika hivyo hivyo.

Bei ya VPN hii (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya kampuni nyingine) na idadi ya nchi ambazo kampuni inajisifu kuwa na seva utaziona kwenye tovuti yao, sina haja ya kuzirudia. Jina lao pia naliacha. Wanaolipia wataitambua ile taa ya kijani.

Mimi ni mhasibu wa ofisi moja ndogo ya Ubelgiji, nafanyia kazi nyumbani, Nyawera. Mfumo wao wa ankara haumruhusu mtu kuingia ila kutoka anwani moja ya intaneti iliyoandikishwa. Sasa sisi tunaoishi kwa mega za simu (bando la intaneti) hatuna anwani yetu: kampuni ya simu inawapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hiyo nayo inabadilika wakati wowote. Ndiyo maana nikanunua VPN yenye anwani ya kudumu, nikalipa dola zangu mwenyewe kwa kadi ya Visa ya kwenye simu. Na ukweli usemwe, mwanzoni ilikuwa raha. Unaiwasha asubuhi, unaisahau. Niliwasifia kwa wenzangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana wawili walinunua kwa sababu yangu.

Halafu mvua zikaanza. Mtandao niliokuwa nautumia ulikuwa unazimika kila delestaji (mgao wa umeme), mnara unakufa pamoja na umeme wa mtaa, nikahamia laini ya kampuni nyingine. Intaneti yake ni nzuri, sina lawama. Lakini VPN ikaanza vituko. Unabonyeza, inazunguka kidogo, taa inakuwa ya kijani: umeunganishwa. Ujumbe mfupi wa kazini unaingia vizuri. Unafungua mfumo wa ankara, kichwa cha ukurasa kinatokea, rangi ya bluu inatokea, kisha kila kitu kinaganda. Kupakia faili ndiyo usiseme. Ukizima VPN, video zinacheza, magazeti yanafunguka. Ukiwasha, kazi inalala, na taa bado inakuangalia kwa kijani chake kana kwamba mambo ni shwari. Afadhali ingekuwa nyekundu, ningejua wa kumlaumu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Aliyewahi kufunga mahesabu anajua maana yake.

Wa kwanza kunijibu kwenye chati aliniita Madame, akajitambulisha, akaanza litania: zima kompyuta uwashe, futa programu uisakinishe upya, badilisha seva, zima antivirusi. Nikafanya yote. Mtu wa Brussels akiambiwa asakinishe upya hapotezi kitu. Kwangu mimi ni mega zinayeyuka na betri inashuka, umeme haujarudi na haujulikani utarudi saa ngapi. Akataka video ya skrini. Nikaipakia, VPN ikiwa imezimwa bila shaka, maana ikiwashwa hakuna kinachopita! Akaitazama, akauliza tena kama nimezima kompyuta na kuiwasha.

Neno la maana alilotoa ni moja: nihamie hali ya TCP, inayohakikisha kila pakiti (kipande cha data) imefika, badala ya UDP, inayotuma bila kusubiri uthibitisho. Hapo ukurasa ukafunguka, lakini kwa kutambaa. TCP ndani ya TCP (maana kurasa zenyewe nazo husafiri kwa TCP) ndivyo ilivyo: pakiti moja ikipotea njiani, tabaka zote mbili zinataka kuirudia, na kwenye mtandao wa simu pakiti hazikosi kupotea. Sasa tazama alichokuwa nacho mkononi. Kwa UDP haipiti, kwa TCP inapita. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Fundi yeyote aliyekaa kidogo na mitandao angeshtuka hapo hapo. Yeye akaandika kwamba amefurahi kunisaidia, tatizo limetatuliwa, akafunga tiketi (ombi langu la msaada).

Limetatuliwa! Faili la mishahara lilikuwa bado linapanda, asilimia moja moja.

Nikafungua tiketi nyingine, akaipokea yeye yule yule. Nikamweleza kwamba nimejaribu kwenye ofisi ya rafiki yangu, mtaani Muhumba, wenye intaneti ya satelaiti, na huko VPN inafanya kazi bila shida. Nilidhani nampa dalili. Yeye aliona ushindi. Akaniandikia, kwa Kifaransa chenye adabu zote: "Madame, huduma yetu imetengenezwa kwa mitandao iliyo imara. Labda ungefikiria kufanyia kazi zako katika nchi nyingine."

Nilisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Nchi nyingine! Mtu anayeketi sijui wapi ananiambia nihame na watoto na mama yangu kwa sababu programu yake haiwezi kupita kwenye mtandao ambao video zinapita. Nikamuuliza kama kwenye ukurasa wa mauzo walipochora bendera ya Congo kati ya nchi zinazohudumiwa waliandika hilo la kuhama. Hakujibu. Chati ikajifunga "kwa kukosa shughuli".

Mdogo wangu anasomea informatiki. Aliponikuta nafoka peke yangu akacheka kwanza, kisha akaketi. "Yaya, hao hawakusomi, wanasoma karatasi yao. Tuwapimie wenyewe." VPN ikiwa imezimwa, akaandika kwenye Windows ping -f -l 1472. Hiyo -f inakataza pakiti isikatwe vipande njiani, na baiti 1472 ukiongeza 28 za vichwa vyake (maelezo ya safari ya pakiti) unapata 1500, ukubwa wa kawaida wa pakiti ya Ethernet, mtandao wa waya. Haikupita. Akapunguza, akapunguza, hadi 1372 ikapita. Maana yake njia ya laini ile mpya inameza pakiti za 1400, si zaidi. Sasa WireGuard, mbinu ya VPN ambayo programu hii inaitumia kwenye hali ya UDP, kwa kawaida inaanzia 1420 kwa mzigo wa ndani, halafu juu yake inaongeza vichwa vyake, 60 kwa IPv4, aina ya kawaida ya anwani za intaneti. Fanya hesabu mwenyewe: 1480 kwenye njia ya 1400. Pakiti nyepesi za kufungua mlango zinapita, ndipo taa inawaka kijani. Nzito zinatupwa, na ile taarifa ya kumwambia mtumaji apunguze nayo inazuiwa njiani, basi kompyuta inaendelea kungoja jibu lisilokuja. Ni sawa na kulazimisha lori la Kavumu lipite kwenye kichochoro cha Kadutu, halafu kumwambia mwenye nyumba ahame.

Namba zote hizo nikazituma. Yule wa kwanza akajibu: "Asante kwa taarifa, tafadhali anzisha upya kompyuta yako."

Usiku, nilipokuwa nimekata tamaa na kuanza kumwandikia mkuu wangu kwamba ripoti itachelewa, akajibu mtu mwingine, wa zamu ya usiku. Hakuniita Madame wala hakuomba video. Aliandika mstari mmoja: mipangilio, sehemu ya juu zaidi, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), weka 1280, niambie. Nikaweka. Ukurasa ukafunguka kabla sijaondoa kidole. Faili la mishahara likapanda lote. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Hapa ndipo nilipotaka kuandika nyota tatu. Huduma nzuri, mfanyakazi mmoja mbaya, mmoja bora, tusameheane. Nikamwuliza yule wa usiku, kwa shukrani tu, kama hili linatokea mara nyingi. Akasema ndiyo, kwa wateja wa mtandao wa simu ni jambo la kila wiki, na maelezo yapo kwenye makaratasi yao ya ndani.

Kila wiki! Yaani kisanduku kipo kwenye programu yao, namba wanaijua, dalili wanazijua, na bado wananiacha nichome mega na kukesha, kisha wananiambia nitafute nchi. Ningevumilia kama wasingejua. Kutojua kunafundishika. Lakini jibu liko kwenye droo yao na aliye mbele hataki kuinama kulichukua kwa sababu ameona neno "Bukavu" akaamua kabla ya kusoma. Nyota tatu zikawa moja. Na hiyo moja ni ya yule wa usiku, kampuni isiiguse.

Wenzangu wawili niliowauzia maneno nimewapa namba ile ile. Mmoja, aliye Ibanda juu kwa laini kama yangu, imemponya papo hapo. Wa pili kwake tatizo lilikuwa tofauti kabisa, ruta ya nyumbani na mtandao wa ofisi yao vyote vilitumia anwani za ndani zinazoanza na 192.168.1, kompyuta haikujua aliyeitwa ni printa ya nyumbani au seva ya kazini. Akabadilisha namba za ruta ikaisha. Huyo hakuuliza huduma kwa wateja hata neno moja, na amelala vizuri kuliko mimi.

Tangu hapo haijakatika, niseme haki. Delestaji zinakuja na kuondoka, nikirudisha simu hewani inajiunga yenyewe. Nikiwa nimetulia naona ni huduma nzuri kweli. Nikiikumbuka ile sentensi ya nchi nyingine naona afadhali ningetuma mahesabu kwa boti ya Goma.

Usajili unakaribia kuisha. Niliondoa kadi, nikairudisha, kwa sababu Ubelgiji wameshaandikisha anwani ile kwenye mfumo wao, na kuibadilisha kunahitaji mkuu wa usalama ambaye hajibu barua haraka. Kwa hiyo nitalipa. Lakini mwezi mmoja mmoja, ile ya mwaka waisahau.