Biblia ipi ya Kiswahili inafaa shirika? Union Version na Habari Njema kwenye 1 Petro 2:10

Mashirika mengi, yaani vikundi vidogo vya majirani wanaosali pamoja, ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Kadutu hadi Bagira, huchagua Biblia kwa kutazama jalada. Afadhali mfungue 1 Petro 2:10 kwanza. Hapo ndipo watu ambao nyumbani husema Mashi, Kilega au Kihavu wanaambiwa kinachowafanya wawe wamoja.

Union Version, ile iliyokamilika mwaka 1952, inasema: "ninyi mliokuwa kwanza si taifa, bali sasa ni taifa la Mungu, mliokuwa hamkupata rehema, bali sasa mmepata rehema." Kwa kusomwa kwa sauti haina mpinzani. "Mliokuwa" na "bali sasa" zinarudi mara mbili, hata bibi asiyesoma anaushika mstari akiusikia tena. Shida ni "taifa". Huku kwetu neno hilo linaamsha kadi ya mpiga kura na swali la nani mwenyeji, nani mgeni. Kiongozi asipolifafanua mapema, kikao kinageuka siasa.

Habari Njema inakwepa mtego huo kwa kusema "watu wa Mungu", na mahali pa rehema inaweka "huruma". Vijana wanaelewa mara moja. Lakini kuna kitu kinapotea. Petro anaazima maneno ya Hosea, nabii ambaye binti yake aliitwa Lo-ruhama, yaani hakuhurumiwa, na mwanawe Lo-ami, yaani si watu wangu. "Ruhama" ya Kiebrania na "rehema" iliyotoka Kiarabu ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kisemiti, na msomaji wa Union Version anasikia undugu huo kwa sikio lake. Someni Hosea 1:6-9, kisha 2:23, ndipo mrudi kwa Petro. Mkianza na Petro peke yake, watu hudhani umoja ni tunda la michango na usafi wa kanisa, wakati kitenzi chenyewe ni "mmepata".

Kwa hiyo: Union Version isomwe mara mbili, kimya cha dakika tatu hivi, halafu Habari Njema mara moja kwa ufafanuzi. Msichanganye nakala mkisoma kwa pamoja; sauti zinagongana na wenye haya wananyamaza.

Kwa Wakatoliki, kagueni yaliyomo kabla ya kulipa. Union Version ya kawaida ina vitabu 66. Habari Njema ipo ya 66 na ipo yenye vitabu vya deuterokanoni, yaani vile ambavyo Wakatoliki wanavyo zaidi ya hivyo 66: tafuteni Tobiti, Yuditi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili. Bila hivyo, siku somo likitoka kwa Sira mtabaki mnatazamana.

Kuhusu kitabu chenyewe, kifungueni katikati, kwenye Zaburi, mchungulie mgongo. Uzi ukionekana, kimeshonwa. Gundi tupu huachia Mwanzo na Ufunuo kwanza, maana ndiyo kurasa za pembeni. Jalada la zipu linapendeza, ila zipu hufa kabla ya karatasi. Herufi ndogo hushusha bei bila faida: umeme ukikatika, mkasoma kwa tochi ya simu, hakuna mzee atakayeziona. Alama zitiwe kwa penseli, kwani wino wa biki hupenya upande wa pili. Mvua za Septemba hadi Mei zinataka mfuko wa plastiki, na kamwe kitabu kisiegemezwe ukutani.

Shirika la nyumba kumi na mbili linatosheka na Union Version nne za herufi kubwa na Habari Njema moja yenye deuterokanoni, ikae kwa kiongozi.